Milinganyo na Mapipa ya Lutuku

Siku ya kuniaga kazini, vijana wa ofisi ya usanifu waliniomba niseme machache juu ya miaka yangu. Nilisimama nikaeleza namna ya kufunga hesabu ya joto katika kiwanda, linaloingia lilingane na linalotoka, na nilipoinua macho nikaona mkuu wa idara amelala, kidevu kimegusa tai. Baadaye kijana mmoja, kwa adabu zote, aliniambia kwamba pengine ingefaa zaidi niandike. Nilimwelewa. Anayesoma anaweza kufunga kitabu bila kumvunjia mtu heshima.

Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vichache nilivyopewa nilivipata baada ya waliokuwa mbele yangu kuondoka.

Kazi yangu ilikuwa kujenga viwanda ambavyo bado havipo. Kabla hujamwaga saruji wala kukata bomba, unaandika kwa hesabu kila kitakachoingia, kitakachochemka, kitakachotoka na kitakachopotea angani au mtoni. Mkusanyiko huo wa hesabu tunauita modeli. Modeli nzuri inakuonyesha kosa lingali wino. Modeli mbaya inakuonyesha kile ulichotamani kuona. Nimetengeneza za aina zote mbili, na hizo mbaya ndizo zilizokuwa na michoro ya kupendeza.

Nilizaliwa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba alitoka kaskazini mwa Katanga. Alikuwa akitia makaa kwenye injini za gari la moshi, na alitaka mwanawe apate kazi ya moto isiyounguza. Mapadri wakanisomesha, kisha nikapelekwa Ulaya, nikarudi na shahada ya uinjinia wa kemia, koti zito lisilo na kazi Katanga, na imani thabiti kwamba nchi nzima ilikuwa imekaa ikinisubiri.

Aliyenipokea kiwandani siku ya kwanza hakuwa amenisubiri hata kidogo. Alikuwa Papa Mukendi, mkuu wa ofisi ya usanifu, injinia wa siku nyingi, mfupi, nadhifu, mwenye desturi ya kumwacha mtu amalize kusema ndipo amuulize swali moja tu. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi migodini. Yeye alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, akabatizwa hapa, akaoa hapa, akamzika mkewe hapa. Wakati ule habari hiyo ilikuwa ya kawaida kama habari ya mvua. Naitaja mapema kwa sababu baadaye ilikuja kuwa nzito kuliko shahada zake zote.

Nilimfungulia modeli niliyotoka nayo Ulaya, ya mtambo wa kukausha na kuchemsha. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alisikiliza, kisha akaniuliza:

“Maji yako inachemuka na digrii ngapi?”

“Mia moja, Papa.”

“Wapi?”

Sikuelewa swali. Akaweka birika juu ya jiko la umeme la ofisi, akatumbukiza kipimajoto, akaendelea kusoma makaratasi yake. Maji yalipochemka vizuri aliniita nisome. Tisini na sita. Nikangoja yapande. Hayakupanda.

“Uko Lubumbashi, mutoto,” alisema. “Hapa iko juu sana, hewa iko mwepesi. Ile maji ya mia moja uliiachia Ulaya.”

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilirudi mezani nikaanza hesabu zangu upya kutoka ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeileta Ulaya yote ndani ya sanduku, pamoja na hewa yake.

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi kwake. Tulikuwa na kompyuta moja kubwa, iliyokaa katika chumba chenye ubaridi na zulia. Ukiingia unavua viatu kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Tulitengeneza modeli za matangi yanayoyeyusha shaba kwa asidi, na mimi nilipewa mradi niliouona kuwa ndio utakaonipatia sanamu mjini: namna ya kuukamata moshi wa salfa unaotoka kwenye bomba kubwa la kiwanda na kuugeuza asidi, badala ya kuuacha ukaushe mboga za watu. Hesabu zilifunga. Papa Mukendi alizikagua, akanirudishia mara nyingi, mwishowe akakubali. Ripoti ikapanda kwa wakubwa. Niliikuta tena baadaye katika ofisi ya ghorofani, imewekwa chini ya dirisha ili lisijifunge. Ilikuwa nene vya kutosha.

Halafu mambo yakaanza kuporomoka. Kwanza vilikosekana vipuri, kisha salfa, kisha dizeli. Mgodi mmoja mkubwa ukabomoka ndani kwa ndani. Tanuru zikazimwa moja baada ya nyingine, na mimi nikawa kila mara narekebisha modeli ya kiwanda ili ifanane na kiwanda, mpaka ikafika mahali mistari mingi ilikuwa na sifuri. Hapo hesabu zilikuwa rahisi sana.

Kila mtu wa kiwandani ana siku anayosema ndiyo ilikuwa mwisho. Yangu ni siku askari walipopora mji, na raia wakafuata nyuma yao. Tulipoweza kurudi ofisini, tulikuta kompyuta imebebwa, mashine ya ubaridi imebebwa, zulia limebebwa, mlango umebebwa. Kabati la chuma lililokuwa na kazi zangu zote limebebwa pia, lakini kwanza walikuwa wametoa makaratasi na kuyamwaga sakafuni. Nilipiga magoti nikayaokota. Katika maisha yangu yote sijapata maoni ya wazi zaidi juu ya milinganyo yangu.

Papa Mukendi alisimama kwenye nafasi ya mlango akinitazama. Akasema mashine imekwenda lakini kichwa hakijakwenda, na rula iko. Kuanzia siku hiyo tulipiga hesabu kwa mkono, wakati mwingine bila kujua zinamfaa nani.

Aliyetujibu swali hilo alikuwa Mama Béatrice, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya mjini. Alikuwa mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Alikuja ofisini mchana, akatazama chumba kisicho na mlango, akaketi juu ya tofali kama vile ni kiti, akauliza kama kiwandani kumebaki alkoholi. Nikamwambia maabara ilishaporwa yote. Akaeleza: spiriti ya kuoshea mikono na ngozi kabla ya kupasua imekwisha, ya kutoka nje haifiki tena. Vyombo wanavichemsha kwa makala, yaani makaa ya miti. Lakini ngozi ya mgonjwa haichemshwi.

“Sasa kila kidonda tunafungua, inaoza,” alisema. “Docteur anasema aache kupasua. Wamama benye kushindwa kuzaa, nibaambie nini?”

Nilianza kumweleza kwamba alkoholi hutengenezwa kwa sukari, kwa chachu, kwa mtambo wa kukeneka, yaani wa kuchemsha pombe na kuutega mvuke wake, na kwamba usanifu wake ungehitaji utafiti wa awali. Papa Mukendi alinikata.

“Lutuku iko mingi mu hii mji,” alisema. “Kazi ni kuiongezea nguvu kidogo tu, na kuisafisha.”

Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba lutuku ni pombe kali ya mahindi, inayokenekwa uani kwa pipa na bomba la shaba. Serikali iliipiga marufuku tangu zamani na watu waliinywa tangu zamani. Mimi, mwana wa Kanisa, mume wa kiongozi wa kwaya, niliyepelekwa Ulaya kwa sala za parokia nzima, nikawa natembea kata ya Katuba nikiulizia wapi wanapika lutuku nzuri. Nilifunga tai, ili watu wasinifikirie vibaya. Wakanifikiria vibaya zaidi: walidhani ni mpelelezi.

Mama Chola hakudhani hivyo. Alikuwa mpishi wa lutuku mwenye ua mkubwa na sauti ya kuufikia wote. Alinitazama toka viatu hadi tai, akasema mpelelezi hawezi kuwa na uso wa woga hivi. Nilipomweleza habari ya hospitali, aligeuka akatazama mlango wa nyumba yake. Mkaza mwanawe alikuwa mjamzito. Akatuonyesha kona ya ua, akasema tuweke hapo vyuma vyetu, lakini tusimfukuzie wateja.

Hapo ndipo nilipofanya usanifu wa kweli wa kwanza maishani mwangu. Spiriti ya hospitali haihitaji kuwa kali mno. Sabini kwa mia inaua vijidudu vizuri. Lutuku ya Mama Chola ilikuwa chini ya hapo. Ilibidi ipite mara ya pili katika mnara mwembamba, ambamo mvuke unapanda, matone yanashuka, na kila vinapokutana alkoholi inazidi kupanda na maji yanazidi kushuka. Urefu wa mnara unaupata kwa kuchora ngazi kwenye karatasi ya miraba, kidato kwa kidato. Nilichora ngazi hizo kwa rula nyuma ya kalenda za parokia. Safari hii maji yalichemka kwa tisini na sita.

Mnara ulikuwa bomba la kiwanda ambalo hakuna aliyeweza kulibeba siku ya uporaji. Tulilijaza vipande vifupi vya mabomba ya shaba ili mvuke upate mahali pa kugusana na matone. Tatizo lilikuwa moto. Kukeneka mara mbili ni kuunguza makala mara mbili, na msitu uliozunguka mji ulikuwa tayari unakimbia mbali nasi kila mwezi. Papa Mukendi hakuweza kuvumilia joto linalopotea. Alilitazama kama mama anavyotazama bukari, ugali wetu, iliyomwagika. Tukapanga mvuke unaotoka juu ya mnara upite katika bomba la kujikunja lililozamishwa ndani ya pipa la togwa la mahindi linalongoja zamu yake. Mvuke ungepoa bila kutumia maji ya bomba, ambayo siku hizo yalikuwa yanatoka yakipenda, na togwa lingepata moto wa bure. Kitu kimoja kinatatua mawili. Niliifunga hesabu, nikaifunga tena, nikalala nikitabasamu.

Spiriti ilitoka siku ya kwanza kabisa. Mama Béatrice alibeba bidoni la kwanza, dumu zima, mwenyewe kichwani. Nilikuwa nimeanza kupokea pongezi za majirani wakati Mama Chola alipofunua pipa lake la togwa na kuita jina langu kwa namna ambayo haikuwa ya pongezi. Togwa lilikuwa kimya. Halikutoa hata povu.

Nilikuwa nimelipasha moto pipa lililokuwa bado linachacha. Chachu ni kiumbe hai. Ukiipa joto la mvuke inakufa. Katika modeli yangu pipa lile lilikuwa limeandikwa kama maji. Joto lake lilikuwa sahihi, uzito wake sahihi, bomba lake sahihi. Kitu pekee kilichokosekana kwenye hesabu zangu ni uhai.

Papa Mukendi alitumbukiza kipimajoto, akanionyesha, akaniambia nianzie hapo. Tukabadilisha utaratibu: bomba liingie tu katika togwa lililokwisha kuchacha, linalokwenda motoni. Ilikuwa marekebisho ya mstari mmoja. Mama Chola alinipa kazi ya kutwanga mahindi ya pipa jipya, nikatwanga nikiwa na tai, na kwa muda mrefu wateja wake waliniita “muwaji wa pombe”.

Jambo la pili lilikuwa la ulinzi. Spiriti safi katika mji wenye askari wenye kiu haifiki hospitali. Mama Béatrice alishauri tuitie rangi ya zambarau, ile dawa ya vidonda vya mdomoni, ambayo hospitali ilikuwa nayo bado. Inachafua, ni chungu, na haidhuru kidonda. Mimi, kama mwanasayansi, nikasema lazima tuhakikishe kwamba kweli haitanyweka, na kwa kuwa sikuwa na haki ya kumjaribia mtu mwingine, nilionja mwenyewe. Haikunyweka. Pia haikutoka mdomoni. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake niliingia misani na midomo ya zambarau, mke wangu Véronique akiwa amesimama mbele ya kwaya. Aliniona nikija kupokea komunyo. Padri naye aliniona. Tulipofika nyumbani Véronique alisema anamshukuru Mungu kwamba angalau haikuwa rangi nyekundu ya mdomo wa mwanamke.

Hayo ndiyo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Wakati uo huo mambo mengine yalikuwa yanakua. Kwenye mikutano ya siasa watu walianza kusema kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kiwandani wenye majina ya Kasai walianza kufutwa kazi. Katika mji wa migodi ulio kaskazini mwetu watu walitolewa katika nyumba zao, wakakimbilia kituo cha gari la moshi na kukaa hapo na watoto na vyombo, wakingoja gari lisilo na saa. Lubumbashi kulikuwa shwari zaidi, lakini Papa Mukendi aliacha kupita njia kuu. Tulimwomba ahamie kwetu. Alikuja na sanduku moja, akamwambia Véronique kwamba hatakula sana.

Mchana mmoja lilikuja kundi la vijana uani kwa Mama Chola. Walikuwa na vitambaa kichwani na fimbo. Kiongozi wao alinijua kwa jina la baba yangu. Alijua sisi ni watu wa kaskazini mwa Katanga. Akaelekeza fimbo upande wa Papa Mukendi, aliyekuwa amekaa juu ya kreti akipima spiriti.

“Ule muntu wa Kasai iko anafanya nini huku? Aende kwabo.”

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kifua mbele. Ukweli ni kwamba mimi nikiogopa huwa nafundisha. Nilisema huyu akiondoka mnara unasimama, na kabla hawajauliza kwa nini, nikaanza kuwaeleza. Niliwapeleka kwenye jiko. Niliwapeleka kwenye mnara. Niliwaonyesha ngazi kwenye kalenda, kidato kwa kidato, nikawaeleza kwa nini matone yanashuka na mvuke unapanda, na kwa nini maji ya Lubumbashi hayafiki mia. Mmoja alipiga miayo. Mwingine akauliza kama kuna cha kunywa, nikamwonyesha ile ya zambarau na kumweleza kemia yake. Jua lilikuwa kali. Mwishowe kiongozi alisema watarudi, wakaondoka wakiburuta fimbo zao.

Mama Chola alikaa chini akacheka hadi machozi. Papa Mukendi hakucheka.

“Leo umebachokesha,” aliniambia. “Kesho batakuya benye habachoke.”

Juma hilo ikafika habari ya binti yake, Angèle. Yeye na mumewe walikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye kile kituo cha kaskazini, na mimba yake ilikuwa imefikia mwisho. Papa Mukendi alipanga sanduku lake palepale. Nilimbembeleza. Nilimwambia hapa ndipo kwao, mambo yatapita, na huko Kasai hana hata kaburi analolijua.

“Siende kwetu,” alisema. “Naenda kwenye mutoto wangu iko.”

Mama Béatrice naye alikuwa anakwenda huko na wauguzi wachache, kwa kuwa watu walikuwa wanaugua na kujifungua chini ya maturubai. Alihitaji spiriti yote tuliyokuwa nayo. Gari la kutupeleka, maana nami niliamua kuwasindikiza, tulilipata kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kweli na mtu wa maneno machache. Lori lake lilikuwa limejaa samaki wakavu wa Pweto. Alisema kama hatudharau harufu, tupande. Wauguzi walikaa mbele. Mimi na mwalimu wangu tulikaa juu ya magunia ya samaki tukiwa tumekumbatia mabidoni ya zambarau, wainjinia wawili wa modeli za viwanda, na barabara ikatufundisha mambo ya mitetemo ambayo hayamo vitabuni.

Sijui niieleze vipi ile gare, kile kituo chenyewe. Watu walikuwa wamekaa katika vikundi vya nyumba, kama vile kuta bado zipo. Hapa kitanda, hapa cherehani, hapa picha ya harusi imeegemezwa kwenye sufuria. Walikuwa wanaongea Kiswahili chetu, Kiswahili cha Katanga, wakiulizana saa ya gari la kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona.

Angèle tulimkuta amelala kwenye mkeka, mumewe ameketi kando yake. Uchungu ulikuwa umemshika tangu siku iliyotangulia na mtoto hakushuka. Mama Béatrice alimpapasa tumbo mara moja tu, akatuma aitwe daktari aliyekuwa kwenye mahema ya wagonjwa. Wakachukua darasa la shule ya jirani, wakaunganisha madawati yawe kitanda cha kupasulia. Wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo nikaambiwa nimimine spiriti kwenye mikono ya daktari. Kwa woga wa kuimaliza nikawa nainyunyiza tone kwa tone.

“Ingénieur,” Mama Béatrice alisema, “mumimine. Musibatize.”

Nikamimina. Kisha wakanitoa nje.

Papa Mukendi alikuwa amesimama karibu na ukuta, ameshika viatu vya binti yake. Nilitaka kumwambia neno la faraja. Nilichoweza kusema ni kwamba spiriti ilikuwa sabini na mbili kwa mia, niliipima mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ndilo neno hasa alilolihitaji. Tukasimama hivyo, hadi tuliposikia mtoto akilia ndani. Hata hivyo hakusogea. Alisogea pale tu Mama Béatrice alipotoka akasema mama naye yu hai.

Lakini sisi watu wa kazi hii tunajua kwamba matokeo hayasomwi siku ya kwanza. Nilibaki pale. Kila asubuhi Mama Béatrice alifungua bandeji, na kila asubuhi Papa Mukendi alikuwa anamngojea nje bila kuuliza. Ngozi ilikuwa ya zambarau kama vazi la Kwaresima, lakini kidonda kilikuwa kikavu. Siku alipotangaza kwamba hakitaoza tena, mwalimu wangu aliketi chini, mahali pale pale alipokuwa amesimama, akafunika uso.

Gari la moshi lilifika bila kutangazwa. Watu waliingia kwa milango na kwa madirisha. Tulimpandisha Angèle na mtoto, mumewe akiwapokea ndani, tukapandisha sanduku. Papa Mukendi akawa wa mwisho, akashika chuma cha mlango, akanigeukia. Nilijua kwamba huo ndio wakati wa kusema yote.

“Ile serpentin ya mu pipa,” alisema, akimaanisha bomba letu la kujikunja, “uiangalie. Asidi ya togwa itaikula.”

Nikamwambia nimeshaona, nitaweka la unene zaidi. Akauliza unene gani. Nikamwambia. Akasema inatosha. Gari likaanza kutembea, nikatembea nalo, tukiwa bado tunazungumza juu ya bomba.

Mnara wa Katuba uliendelea kufanya kazi hadi misaada ya dawa ilipoanza kufika hospitalini. Siku tulipoufungua vipande vipande, Mama Chola alikataa kulirudisha bomba la kujikunja. Alisema tangu amelipata anatumia makala nusu. Wapishi wengine wakaja kulitazama, wakaiga, na kwa miaka mingi lutuku ya upande ule ilikenekwa kwa usanifu wetu. Katika modeli zangu zote, ndiyo pekee iliyoenea bila kuhitaji semina.

Baadaye kampuni mpya zilikuja, na kompyuta zikaja tena, ndogo, zisizodai uvue viatu. Nilisanifu mitambo inayotumia maji yale yale mara kadhaa, na mingine inayotumia bakteria kutoa shaba kwenye mawe. Kila nilipokuwa na kitu chenye uhai katika hesabu, nilikiandika kwa wino mwekundu, na vijana wakadhani ni mtindo wa Ulaya. Nawashauri waendelee nao. Skrini zenu zinapaka rangi nzuri sana, na rangi nzuri inaaminika upesi.

Na Papa Mukendi tulizungumza kwa simu tangu simu za mkononi zilipofika. Tuliongea habari za kazi. Nilipostaafu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kupanda ndege kwenda Mbuji-Mayi, huko Kasai, kumwona.

Nilimkuta mzee sana, macho yamefifia, ameketi barazani kwa Angèle. Alikuwa amefundisha kemia katika shule ya sekondari hadi nguvu zilipomwisha. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumshukuru, yenye utangulizi na sehemu kuu. Hakunipa nafasi. Alitaka niongee Kiswahili tu, chochote, habari za sokoni, habari za mvua. Alikuwa akinisikiliza kama mtu anayekula.

“Kule batuita bantu ba Kasai,” alisema baadaye. “Tukafika huku, batuita ba Katanga. Luga ya huku nikiisema, bantu banaicheka mpaka leo.”

Nilimwambia kwamba mambo sasa yametulia. Wengi wamerudi, na chumba kwangu kipo, Véronique ameshakitandika. Nikamuuliza kwa nini asirudi nami Lubumbashi, hata kwa kutembea tu.

“Nikikuya, nitakuwa mugeni yako,” alisema. “Pahali nilizaliwa, sipende kuwa mugeni ya muntu.”

Nilikaa naye siku zilizobaki, nikamwongelesha Kiswahili.

Nilipokuwa naondoka, pale uwanja wa ndege, binti wa kaunta alitazama tiketi yangu, akaniuliza kama ninarudi nyumbani. Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa nimeshapita na kukaa kwenye kiti ndipo nilipoona jinsi jibu lile lilivyotoka kwa wepesi, bila hesabu yoyote, nikaona haya, nikatazama dirishani hadi ndege ilipoondoka.